Udongo hunasa risasi kwa nusu saa, kuutoa majini ndiyo kazi

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba udongo wa mfinyanzi unaweza kuondoa risasi, zinki, shaba na nikeli kwenye maji taka hukimbilia kutafuta udongo. Kiroba kinaletwa, kinamwagwa kwenye pipa la maji machafu, maji yanakorogwa, na kesho yake yanaonekana meupe kiasi. Kila mtu anafurahi. Kisha majibu ya maabara yanarudi na risasi iko palepale. Hali hii tumeiona kwenye karakana za betri, kwa wachovyaji nikeli (wanaopaka vyuma nikeli) na kwa wenye viwanda vya ngozi, na karibu kila mara udongo wenyewe haukuwa na kosa. Ama maji hayakuandaliwa, ama udongo ulibaki ukielea humohumo na metali zake.

Tutaifuata kazi kama inavyokwenda, tangu kupima maji hadi kufunga tope kwenye mapipa. Mfano mkuu ni maji ya karakana inayofungua na kukarabati betri za gari, kwa kuwa kazi hiyo imeenea mijini kwetu na uchafu wake mkuu ni risasi. Anayedhani ni jambo dogo akumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu, kikafungwa 2014 baada ya wakazi kupiga kelele kwa miaka mingi wakiongozwa na Phyllis Omido. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na kwa maji ya kunywa linaweka miligramu 0.01 kwa lita. Hicho ni kiasi kidogo mno, hakionekani kwa jicho wala hakionjeki ulimini. Kwa hiyo kila unaposema "maji yamekuwa safi", uwe na karatasi ya maabara mkononi.

Anza na maji. Maji yanayotoka kwenye betri yana mambo mawili yanayochanganya watu: asidi kali na vumbi la risasi. Sehemu kubwa ya risasi humo haijayeyuka. Ni chembe za salfeti na oksidi zilizobanduka kwenye sahani. Chembe hizo zinatuama zenyewe ukiyaacha maji yatulie usiku kucha kwenye pipa lenye bomba la kutolea maji sentimita 20 juu ya kitako. Hatua hiyo haigharimu kitu zaidi ya pipa la pili, na inaondoa mzigo ambao vinginevyo ungekula udongo bure. Iliyobaki imeyeyuka, na hiyo ndiyo ya kushughulikia kwa kemikali na udongo.

Chukua sampuli mbili za maji yaleyale. Moja ichujwe kwa karatasi yenye matundu ya mikromita 0.45, nyingine isichujwe. Zote mbili ziongezwe asidi ya nitriki safi hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2, ziwekwe kwenye chupa za plastiki zilizosuuzwa kwa asidi hiyohiyo iliyozimuliwa, ziandikwe majina, zipelekwe kupimwa. Iliyochujwa inakuambia metali iliyoyeyuka, isiyochujwa inakuambia jumla. Shikilia desturi hii mpaka mwisho wa kazi, kwa sababu huko mwisho ndiko inakookoa watu. Udongo ulionasa risasi ukibaki majini, sampuli iliyochujwa itasoma sifuri huku mtaro unapokea risasi yote. Tukipewa karatasi ya majibu isiyosema kama sampuli ilichujwa, tunairudisha.

Pamoja na risasi, pima pH, chumvi kwa jumla, na kalisi. Kama maji yanatoka mahali pengine pasipo na betri, uliza pia kuhusu kromiamu na sianidi. Hapa pana hatari ya kweli. Baadhi ya wachovyaji zinki, shaba na fedha hutumia kemikali zenye sianidi, na maji ya namna hiyo yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu kabla hajafika mlangoni. Usichanganye maji ya mistari miwili ya kiwanda kabla ya kujua kila mmoja una nini. Sianidi inaharibiwa kwanza, peke yake, maji yakiwa na pH ya 10 au zaidi, na fundi anayejua kazi hiyo asimamie.

Kromiamu ina sura mbili. Ile ya ngozi ni kromiamu tatu, ina chaji chanya, inatua vizuri kwa chokaa pH ikiwa kati ya 8 na 8.5. Ile ya kung'arishia vyuma ni kromiamu sita, nayo huogelea majini ikiwa na chaji hasi. Udongo nao una chaji hasi. Vinasukumana, na hata ukimwaga kiroba kizima hakuna kitakachonaswa. Rangi ya njano au ya chungwa kwenye maji ni dalili yake. Inabidi igeuzwe kuwa kromiamu tatu kwanza: shusha pH hadi kati ya 2 na 3, tia metabisulfiti ya sodiamu, angalau gramu 2.7 kwa kila gramu ya kromiamu, na kwa vitendo weka 3 au zaidi, mpaka njano yote iishe na maji yawe ya kijani. Fanya hivyo kwenye hewa ya wazi maana inatoa moshi unaokaba koo. Aseniki nayo huja na chaji hasi, na udongo wa kawaida haufai kwake. Mwenye aseniki atafute njia ya chuma.

Sasa asidi. Maji ya betri yenye pH ya 1.5 yana asidi nyingi kuliko watu wanavyokadiria. Kwa hesabu, lita 1,000 zinahitaji karibu kilo 2 za chokaa iliyozimwa, au karibu kilo 2.6 za magadi soda safi (kaboneti ya sodiamu). Usiamini hesabu peke yake. Chukua lita moja, ongeza chokaa iliyopimwa kidogokidogo ukisoma pH, kisha zidisha kwa ujazo wa tangi lako. Ukiweka udongo kwenye maji yenye pH chini ya 3, ayoni (chembe zenye chaji) za asidi zinakaa kwenye nafasi zote ambazo risasi ingekalia, na asidi yenyewe inaanza kuumung'unya udongo na kutoa alumini. Hapo umepoteza udongo na umeongeza metali nyingine majini.

Chokaa au magadi? Wengi huchagua chokaa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ina gharama iliyojificha. Chokaa ikikutana na asidi ya betri inatengeneza jasi. Sehemu inatua na kuongeza tope, na sehemu inabaki imeyeyuka, karibu gramu 2.4 kwa lita. Jasi hiyo ina kalisi ya miligramu 560 hivi kwa kila lita. Tuseme risasi iliyobaki ni miligramu 5 kwa lita. Ukigeuza kuwa hesabu ya chaji, kwa kipimo cha wingi wa chaji kiitwacho miliekwivalenti, kalisi ni 28 na risasi ni 0.05 kwa lita. Yaani kwa kila ayoni moja ya risasi inayobisha hodi kwenye udongo, zaidi ya mia tano za kalisi ziko kwenye foleni. Udongo huipenda risasi kuliko kalisi, kwa hiyo haishindwi kabisa, lakini uwezo wake unashuka sana. Magadi soda huacha sodiamu, ambayo inasukumwa kirahisi, na kaboneti yake inaitua risasi vizuri. Ubaya wake ni povu. Maji yanafoka, kwa hiyo jaza tangi hadi theluthi mbili tu na utie magadi kwa mafungu. Magadi ghafi kutoka ziwani, kama yale ya Ziwa Magadi, huwa na floraidi. Tumia yaliyosafishwa kiwandani kama unaweza kuyapata.

Pandisha pH hadi kati ya 8.5 na 9, koroga kwa nusu saa, acha yatulie mpaka kesho. Risasi nyingi itatua. Usipitilize: pH ikivuka 11 risasi inaanza kuyeyuka tena. Zinki nayo huyeyuka tena ukizidisha, na nikeli inahitaji pH karibu na 10 ili itue sawasawa, ndiyo maana maji yenye metali kadhaa hayawezi kumalizwa kwa chokaa pekee. Hapo ndipo mahali pa udongo: kumalizia yale mabaki ya miligramu chache ambayo chokaa au magadi yameshindwa kuyatoa. Anayetumia udongo kubeba mzigo wote wa kiwanda anajitengenezea mlima wa tope.

Tuje kwenye udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi ni vibamba vyembamba sana vilivyolaliana, na vibamba hivyo vina chaji hasi inayoshikilia ayoni za sodiamu, kalisi au magnesiamu kwa mkono mwepesi. Risasi ikija, inachukua nafasi na ile ya kwanza inaachiwa. Uwezo wa kubadilishana huko hupimwa kwa miliekwivalenti kwa gramu 100. Kaolini, udongo mweupe, ina 3 hadi 15. Montmoriloniti, ambayo ndiyo roho ya bentoniti (udongo unaovimba ukilowa), ina 80 hadi 120. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Udongo wenye 80, kwa nadharia, unaweza kunasa miligramu 83 za risasi kwa kila gramu. Wenye 5 unanasa 5. Kwa zinki, ambayo ni nyepesi, ule wa 80 unanasa 26 tu. Haya ni makadirio ya juu kabisa, kwenye maji yasiyo na kitu kingine. Kwa maji halisi panga kupata theluthi moja, au pungufu.

Kwetu udongo haukosekani. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina kaolini nyingi na inajulikana tangu zamani. Inafaa vyombo na rangi. Kwa metali ni dhaifu, ingawa inatua vizuri. Sinya, wilayani Longido, kuna sepioliti, udongo mwepesi uliowahi kuchimbwa kutengenezea viko. Hauvimbi ukilowa, na hilo ni jambo jema sana kama tutakavyoona. Halafu kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi na kunasa magari masika. Weusi wake unadanganya watu kudhani ni mboji tu. Humo mna madini ya jamii ya montmoriloniti, na ukiondolewa mchanga na mboji ni udongo mzuri mno kwa kazi hii. Bentoniti ya viroba, ile wanayotumia wachimba visima, ni nzuri pia, ila imeandaliwa ivimbe, na kuvimba huko kutakusumbua.

Usinunue wala usichimbe kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza ni cha kuvimba: mimina gramu 2 za unga wa udongo kidogokidogo kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, uache saa 24. Kaolini itakaa chini karibu kama ilivyoingia. Bentoniti ya sodiamu itafika mililita 24 au zaidi. Udongo wa mbuga utakuwa katikati. Cha pili ni siki: tone likichemka juu ya udongo, mna chokaa ya asili, na udongo huo utapandisha pH bila wewe kutaka.

Cha tatu ndicho chenye maana zaidi, nacho ni bluu ya methilini. Weka gramu 2 za udongo mkavu kwenye mililita 300 za maji yaliyokenekwa, shusha pH hadi 3 hivi kwa asidi hafifu, koroga mpaka madonge yaishe. Tengeneza maji ya bluu kwa gramu 3.74 za unga wenye maji matatu ya fuwele kwa lita moja. Ongeza mililita 5, koroga dakika mbili, chovya kijiti cha kioo, weka tone kwenye karatasi ya kuchujia. Mwanzoni utaona doa la bluu iliyoiva katikati na maji yasiyo na rangi pembeni. Endelea kuongeza. Siku zote inafika hatua ambapo pete hafifu ya bluu mbichi inatokeza kuzunguka doa. Koroga dakika mbili nyingine, weka tone jipya. Pete ikibaki, umefika. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.5, hizo ndizo miliekwivalenti kwa gramu 100. Mililita 160 maana yake 80. Kipimo hiki kinafanyika mezani, na kinamzuia mtu kununua kaolini kwa jina la bentoniti.

Kuandaa udongo wa mbuga: ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chimba chini yake, uanike, uuponde vipande vidogo. Uloweke kwenye maji usiku kucha, sehemu moja ya udongo kwa kumi za maji, kisha ukoroge kwa nguvu. Acha dakika tano, mchanga utakaa chini. Hamishia maji ya udongo pipa la pili. Ukitaka sehemu laini kabisa, chini ya mikromita 2, subiri karibu saa 8 kisha vuta sentimita 10 za juu kwa mpira. Kwa kazi ya tangi si lazima kwenda mbali kiasi hicho. Kinachotosha ni kutoa mchanga na kuondoa vinavyoelea. Hatukaushi tena wala kusaga. Uji huo unatumika hivyohivyo, na unamwepusha mfanyakazi na vumbi la silika linaloharibu mapafu. Kausha gramu 100 za uji ili ujue una udongo mkavu kiasi gani, maana dozi zote zinahesabiwa kwa uzito mkavu.

Watu huuliza kama waugeuze udongo uwe wa sodiamu kwa kuukanda na magadi soda. Hesabu yake inajulikana: udongo wenye uwezo wa 80 unahitaji karibu gramu 4 za magadi kwa gramu 100. Utavimba zaidi, vibamba vitaachana zaidi, utanasa upesi zaidi. Pamoja na hayo, kwa karakana ndogo tunashauri usifanye hivyo. Udongo wa sodiamu unaelea kwa siku nyingi, tope lake halikamuliki, na faida iliyopatikana kwenye kunasa inapotea kwenye kutenganisha. Udongo wa kalisi, jinsi unavyotoka mbugani, unashikana na kutua wenyewe. Dhaifu kidogo anayetoka majini ni bora kuliko hodari anayebaki humo.

Kabla ya tangi kuna chupa. Chukua maji yaliyokwisha tulizwa kwa magadi na kurekebishwa hadi pH 6 au 6.5, gawa chupa za nusu lita, weka udongo wa gramu 1, 2, 5, 10 na 20 kwa lita. Ongeza chupa mbili za ukaguzi: moja ya maji hayohayo bila udongo, nyingine ya maji yaliyokenekwa yenye udongo wa gramu 20 kwa lita. Ya kwanza inaonyesha kama risasi inapungua yenyewe kwa kushika ukuta wa chupa au kutua. Ya pili inaonyesha kama udongo wako unaachia metali zake. Udongo uliochimbwa karibu na machimbo ya dhahabu unaweza kuja na zebaki au aseniki, na mtu akajikuta anachafua maji anayoyasafisha. Tikisa saa mbili. Soma pH tena mwishoni. Ukiona imepanda hadi 9 kwa sababu ya chokaa ya asili iliyomo, usijisifu kwamba udongo umenasa. Risasi imetua tu, na itarudi pH ikishuka.

Kile udongo umebeba unakipata kwa kutoa kiasi kilichobaki kwenye kiasi cha mwanzo, ukazidisha kwa lita, ukagawa kwa gramu za udongo. Tuseme maji yalikuwa na miligramu 5, na kwa gramu 2 za udongo kwa lita zimebaki 0.4. Kila gramu imebeba 2.3. Mbona nadharia ilisema 83? Kwa sababu maji yakishakuwa na risasi kidogo, msukumo wa kuingia kwenye udongo nao unakuwa kidogo. Ndiyo maana anayechukua uwezo wa juu kutoka kwenye karatasi ya muuzaji na kugawanya anapata kilo chache mno, kisha anashangaa. Dozi inatoka kwenye chupa zako.

Kuna njia ya kupunguza udongo ambayo wengi hawaitumii: mara mbili kwa kinyume. Udongo mpya unaingia kwenye maji yaliyokaribia kuwa safi. Ukishatolewa hapo, bado una nafasi nyingi. Unapelekwa kwenye maji machafu zaidi ya kundi linalofuata. Matangi mawili badala ya moja, lakini kila gramu inabeba zaidi na tope linapungua.

Kwenye tangi la lita 1,000, mwaga uji wa udongo polepole koroga ikiendelea. Unga mkavu wa bentoniti ukimwagwa moja kwa moja unafanya madonge, kama ugali uliotiwa unga wote kwa mkupuo: nje umelowa, ndani mkavu, na ndani humo hakuna ayoni itakayofika. Pala ya mizunguko 60 hadi 100 kwa dakika inatosha. Sehemu kubwa ya risasi inanaswa ndani ya nusu saa ya kwanza. Saa moja hadi mbili ni kwa ajili ya usalama.

Kisha inakuja hatua inayochosha kuliko zote, ya kuutoa udongo. Tumia shabu. Anza kwa kujaribu kwenye chupa miligramu 50, 100 na 150 kwa lita. Koroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole mno dakika 15 hadi 20. Utaona manyoya ya tope yanaungana na kukua. Ukikoroga kwa nguvu wakati huu unayavunja na hayarudi kuungana vizuri. Zima, acha mpaka kesho. Soma pH baada ya shabu, kwa kuwa shabu inakula ualkali na kuishusha. Ikifika chini ya 5 udongo unaanza kuachia risasi uliyokwisha kuinasa, na utakuwa umeharibu kazi ya siku nzima kwa gramu chache za shabu. Rekebisha kwa magadi kidogo. Maji ya juu yapitishwe kwenye chujio la mchanga kabla ya kutoka, na sampuli ya mwisho iwe isiyochujwa.

Wengine hutaka kuepuka shabu kwa kujaza udongo kwenye bomba na kupitisha maji. Bentoniti haipitishi maji. Ndiyo inayotandikwa chini ya madampo ili maji yasipenye. Hata ukiichanganya na mchanga, inavimba na kuziba, au inatafuta njia pembeni ya bomba na maji yanapita bila kuguswa. Sepioliti ya punjepunje ndiyo inayofaa bomba. Kuchoma vidonge vya udongo ni jaribu lingine linalovutia: moto mdogo unaacha vidonge vinavyovunjika majini, na ukivuka nyuzi 600 hivi udongo unapoteza muundo wake na uwezo wake wa kubadilishana unaporomoka. Kati ya hapo kuna dirisha jembamba, na tanuri la kienyeji la kuni haliwezi kulishikilia. Loweka kidonge chako saa 24 na upime uwezo wake upya kwa bluu ya methilini kabla ya kuchoma kundi zima.

Chumvi ndiyo iliyowaangusha watu wa ngozi. Maji yao yenye gramu 5 za chumvi ya kawaida kwa lita yana sodiamu ya miliekwivalenti 85, na juu ya hapo kloraidi inaishikilia risasi, na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu), majini. Kwao chokaa ifanye kazi ya kromiamu, na maji ya kuoshea chumvi yatenganishwe mapema yasifike kwenye udongo kabisa.

Gharama. Udongo wenyewe ni sehemu ndogo. Pesa zinakwenda kwenye vipimo vya maabara, kwenye magadi, kwenye mtu wa kusimamia tangi, na kwenye tope. Kwa tangi la lita 1,000, kilo 5 za udongo zilizotua zikiwa tope lenye yabisi ya asilimia 5 ni lita 100, sehemu ya kumi ya maji yote uliyosafisha. Ambaye hajajenga mahali pa kuweka lita hizo asianze. Kitanda cha kukaushia kiwe cha zege, chenye mchanga juu ya kokoto, chenye paa, na maji ya mtaro wake yakusanywe. Udongo wa kalisi unakauka hadi kupasuka. Wa sodiamu unafanya ngozi juu na kubaki majimaji chini.

Tope hilo ni taka hatari kisheria na kwa kweli. Risasi haijatoweka, imehamia. Lisipelekwe shambani. Mfyatua matofali akija kuliomba, usimpe: kwenye joto la tanuri sehemu ya risasi na kadimiamu inapanda na moshi na kuwashukia majirani. Zungumza na mamlaka ya mazingira ya nchi yako (kwa Kenya ni NEMA) juu ya kibali cha kulihifadhi na nani ana leseni ya kulichukua. Viwango vya kutolea maji vimo kwenye kanuni za ubora wa maji za nchi yako, na kibali chako kinaweza kuwa na masharti ya ziada. Kuchanganya na saruji kunapunguza kuvuja, ila kupimwe: kipimo cha uvujaji cha Marekani kinaihesabu taka kuwa hatari risasi ikitoka kwa miligramu 5 kwa lita au zaidi.

Lifungeni likiwa bado na unyevu, kwenye mapipa yenye vifuniko, kabla halijawa vumbi. Anayelibeba avae glavu, gambuti na barakoa ya kuzuia chembe, na nguo za kazi zifuliwe palepale, zisiende nyumbani kwa watoto. Maji yanayochuruzika chini ya kitanda cha kukaushia yana risasi. Yarudisheni kwenye tangi la kwanza.